Kilosa inakua, sasa tuulize ardhi ni ya nani

Makamanda, wengi wenu Kilosa mnaijua kwa kupita. Ukiwa kwenye basi la Mbeya unaona tembo barabarani, kisha Mikumi mjini: malori yamejipanga, nyumba za wageni zinaongezeka. Ukiwa kwenye SGR ya Dodoma unaona stesheni ya Kilosa na mahandaki yaliyotobolewa milimani. Ukishuka utakuta wilaya yenye watu wengi kuliko unavyodhani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 438,000 na ushee. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 617,000.

Watu hao wanaishi kwa ardhi. Ruhembe na Kidodi wanalima miwa ya kiwanda cha Kilombero, Malolo wanalima vitunguu, kwingine ni mahindi, mpunga na ng'ombe. Sasa watu wameongezeka, ardhi je? Upande mmoja kuna Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kilomita za mraba 3,230. Upande mwingine, Kimamba, Rudewa na Kilosa yenyewe, kuna mashamba makubwa ya mkonge yaliyoanza enzi za ukoloni, mengine yakageuka pori. Katikati kuna Mto Mkondoa, ambao mafuriko yake ya mwaka 2009 kuamkia 2010 yaliacha maelfu bila makazi.

Ardhi ikibana, watu wanaumizana. Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni watu 38 waliuawa kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji. Mgogoro wa Mabwegere nao ulifika mpaka Mahakama ya Rufani. Kuna watu wanapenda kutuambia hayo ni mambo ya makabila. Hapana. Mkulima na mfugaji wanagombania kipande kilichobaki baada ya wakubwa kuchukua chao.

Chama tawala kitajibu kwamba serikali imeshafuta hati za mashamba kadhaa yaliyotelekezwa. Ni kweli, na ni hatua nzuri. Lakini sisi tunaosoma sheria tunajua kitu ambacho jukwaani hakisemwi: hati ikifutwa, shamba halirudi kijijini lenyewe. Linarudi mikononi mwa Rais, halafu linapangwa upya. Kati ya kufutwa na kupangwa hapo ndipo wajanja wanapopenyea. Mwanakijiji aliyeshangilia kwenye mkutano wa hadhara anaweza kushtukia beacon za mtu mwingine zimesimama.

Na kule Mikumi, tembo akimaliza shamba la mtu kwa usiku mmoja, anachopewa mkulima kinaitwa kifuta jasho. Akiua mtu, familia inapewa kifuta machozi. Angalieni maneno hayo. Fidia ni haki, unaidai. Kifuta jasho ni huruma, unaisubiri.

Tatizo si kukosa wajuzi. Aliyetangazwa mbunge wa Kilosa mwaka 2020 ni Profesa Palamagamba Kabudi, mwanasheria, mjumbe wa Tume ya Warioba, aliyewahi kuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Mikumi nayo ilishatuamini: mwaka 2015 ilimpa ubunge Joseph Haule, Profesa Jay. Lakini mbunge, hata awe wetu, hagawi ardhi ya kijiji. Anayegawa ni halmashauri ya kijiji. Ndiyo maana uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulituuma sana. Wagombea wetu walienguliwa nchi nzima, CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Wanajua muhuri wa mwenyekiti wa kijiji una thamani gani.

Je, tukae miaka mitano tukilalamika kwenye magrupu ya WhatsApp? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi mwenye miaka 18. Haulizwi kadi ya chama. Walitunyima fomu, lakini kiti kwenye mkutano mkuu hawawezi kutunyima.

Kwa hiyo kijana wa Kilosa, na wa wilaya yoyote inayokua hivi, kazi yako ni hii. Mkutano ukiitishwa, nenda. Usipoitishwa, muulizeni mwenyekiti kwa maandishi, mkiwa wengi. Dai kuona rejesta ya ardhi, mpango wa matumizi ya ardhi na mihtasari ya mikutano iliyopita. Wakisema "wananchi waliridhia," omba orodha ya mahudhurio. Mnapopanga, kaeni na wafugaji, wao ni wanakijiji pia. Na dada zangu, msikubali kuambiwa shamba ni mambo ya wanaume: kifungu cha 3(2) cha sheria hiyohiyo kinatupa haki sawa.

Reli imefika, watalii wanakuja, thamani ya ardhi itapanda. Kama hatumo kwenye kikao kinachoigawa, miaka kumi ijayo tutakuwa vibarua kwenye mashamba tuliyozaliwa nayo jirani. Nguvu ya umma tunayoiimba inaanzia chini ya mwembe, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Twendeni.