FUNDI WA NYUMBANI: Komeo lisilofika tunduni

Msimu huu wa mvua mbao zinavimba, milango ya bustani inashuka, komeo linagonga pembeni ya tundu. Tukifunga kwa kamba tu, mbuzi wanaingia, lengalenga zinakwisha, majirani tunagombana.

Kwanza inueni kidogo ncha ya mlango. Komeo likiingia, basi shida ni bawaba: jazeni matundu ya skrubu vijiti vikavu, mkaze upya. Lisipoingia, lipakeni masizi, mlisukume; alama nyeusi itaonyesha kibati cha kwenye nguzo kihamie wapi.

Ila msirande mbao iliyolowa. Kiangazi itasinyaa, mtabaki na pengo.

Asiye na bisbisi aazime kwa jirani. Mbuzi wake naye atapona fimbo!