Doctorandus: Cheo Kinachokiri Upungufu

Aghalabu cheo cha kisomo huvaliwa mithili ya kilemba, ishara kwamba safari imekwisha. Waholanzi, hata hivyo, walikuwa na cheo kilichotamka kinyume cha hayo: doctorandus, kilichofupishwa drs. na kutangulia jina la aliyehitimu shahada yenye hadhi ya uzamili.

Neno hili ni la Kilatini. Asili yake ya mbali ni kitenzi docere, yaani kufundisha, ndimo lilimochipuka doctor, ambaye kwa asili ni mwalimu wala si tabibu. Tamati -andus huongeza maana ya jambo linalopasa kutendwa. Doctorandus basi ni ‘anayepasa kufanywa daktari’. Mwenzake wa kike ni doctoranda. Cheo hiki kilitumika pia Indonesia, iliyokuwa koloni la Uholanzi. Mwaka 2002 Uholanzi ilianza mfumo wa shahada za Bachelor na Master, nacho kikaanza kufifia.

Waholanzi wana neno jingine la mtu wa elimu: geleerde. Hili latokana na leren, kitenzi kinachobeba kufundisha na kujifunza kwa pamoja. Lakini umbo lake ni la tendo lililotimia: ‘aliyekwisha kufundishwa’.

Kiswahili kimesimama upande upi? Mtaalamu, anayedhaniwa kuwa bingwa, ametoka katika Kiarabu mutaallim, mwenye kujifunza. Msomi naye, kwa umbo lake, ni mwenye kusoma, si aliyemaliza kusoma. Sarufi yetu i pamoja na doctorandus. Mazoea yetu yamejiunga na geleerde. Nchini Kenya huitwa msomi hata yule aliyefunga kitabu chake cha mwisho siku ya mahafali, mradi shahada ining'inie ukutani.

Yupo atakayesema kwamba cheo cha Waholanzi kilikuwa kichekesho, kwa kuwa wengi walikibeba hadi kaburini bila ya kuupata udaktari. Ni kweli. Ila kila kilipoandikwa, kilimkumbusha mwenyewe kwamba anadaiwa.

Wahenga walinena kuwa elimu ni bahari, na si ajabu shahada ya juu kabisa tukaiita uzamifu, kutokana na kuzama. Mzamiaji haimalizi bahari. Akiacha kuzama, na aitwe jina jingine.