Nishani Isiyo na Jina

Neno "nishani" lilitufikia kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni alama. Kabla haijawa kipande cha madini kifuani mwa askari, nishani ni kitu kinachotuelekeza kwa mtu fulani. Hilo hunijia kila tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa. Mwaka 2019 sisi wakazi wa Likoni tuliziona sherehe za kitaifa zikifanyika ng'ambo tu ya kivuko, katika bustani ya Mama Ngina.

Katika kisiwa hicho hicho, Waomani waliizingira Ngome ya Yesu tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Vilikuwa vita vya wageni, lakini Waswahili walijikuta pande zote mbili: watu wa Faza ndani pamoja na Wareno, wa Pate nje pamoja na Waomani. Mwezi Agosti 1697, baada ya maradhi kuwamaliza Wareno, ngome ilibaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hawakuitoa hadi meli ya msaada ilipofika Septemba. Jina la Daud tunalo. Wanawake wale, waliokuwa wengi kuliko wote, wamebaki hesabu tupu.

Atakuwako atakayeuliza kwa nini tuwakumbuke waliomlindia mgeni ngome. Siwaombei nishani; naonyesha tu jinsi usahaulifu unavyoanza.

Je, sisi tumefanya vema zaidi? Wanamaji wetu, ambao makao yao ni hapa Mtongwe, walishiriki katika kuitwaa Kismayu mwaka 2012, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Somalia. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu huko El Adde ilivamiwa. Serikali haikuitangazia nchi idadi kamili ya waliouawa, licha ya orodha ya majina yao.

Tunayo Sheria ya Mashujaa ya mwaka 2014, na hotuba hatukosi. Lakini mzazi wa askari hafarijiwi na neno "mashujaa" likiwa katika wingi. Hatuna budi kuanza na orodha: jina, kikosi, mahali na siku. Nishani na ifuate baadaye, kwa kuwa alama isiyomwelekea mtu yeyote si alama.