Anayetaka Kuacha Tembo Kijijini Kanga Aende kwa Nani?

Katika Kisiwa cha Mafia, ambako mnazi ndio uliowalisha mababu na ungali ukiwalisha wajukuu, mgema hupanda juu alfajiri na jioni, akakata ncha ya karara kwa kotama na kukinga kibuyu chake, na tembo lililokuwa tamu asubuhi, kabla jua halijachwa, huwa limekwisha chachuka na kuwa kileo. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali mwezi Machi 2017 ilitenda jambo la busara, lakini katika kijiji kama Kanga, huko kaskazini ya kisiwa, kileo hakihitaji duka wala leseni. Fauka ya hayo, kwa kuwa wakazi wake aghalabu ni Waislamu, na dini imekiharimisha kileo, mnywaji hujificha. Na mtu aliyelewa kwa siri miaka mingi, siku azma ya kuacha inapomjia, hana budi kutafuta msaada kwa siri vilevile, na hapo ndipo anapokwama.

Aende kwa nani? Msikitini ataambiwa atubu, na toba ni jambo la haki ambalo sina neno juu yake. Lakini mja aweza kutubu Ijumaa kwa moyo safi, na Jumamosi mikono ikamtetemeka hata asiweze kufikisha kikombe cha chai kinywani bila kukimwaga, na mtetemeko ule si upungufu wa imani, bali ni mwili uliozoea kileo unaokidai. Jamaa zake watamhurumia siku chache, kisha watamsimanga. Wenzake wa kunywa watamcheka. Mtu ambaye maneno yake yangemwingia ni yule aliyekunywa kama yeye kisha akaacha, na huyo, hata kama anakaa kitongoji cha pili, yeye hamjui, maana naye amejisitiri.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio huko Marekani, mfanyabiashara mmoja wa hisa, Bill Wilson, aliyekuwa amejizuia kunywa kwa miezi mitano hivi, alijikuta hotelini ugenini, shughuli iliyompeleka imeharibika, na upande wa pili wa ukumbi watu wanakunywa na kucheka. Badala ya kuingia baa alishika simu, akayapigia makanisa ya mji ule, na ombi lake lilikuwa la ajabu: alitaka aonyeshwe mlevi mwenziwe apate kuzungumza naye. Alifikishwa kwa Bob Smith, tabibu mpasuaji aliyekuwa ametopea katika ulevi, wakakaa wawili hao wakasimuliana taabu zao kwa saa nyingi. Na tarehe 10 Juni ya mwaka ule, siku ambayo Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, au AA. Sharti la kuingia humo ni moja, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Ada hakuna, majina kamili hayatajwi, na siri ya mtu iliyosemwa kikaoni haitolewi nje.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na makanisa yao namwelekeza Unguja, ambako tangu 2009 nyumba za upataji nafuu zimewapokea vijana wa Kiislamu walioangamizwa na heroini, zikifuata hatua kumi na mbili za AA za kujinasua na uraibu, huku wengi wa waendeshaji wake wakiwa ni watu waliotoka katika uraibu huo huo. Kumsitiri mtu anayejirudi si jambo geni kwetu watu wa pwani, na sioni kanuni ya AA inayotugombanisha na dini.

Mtu wa Kanga hawezi kila juma kuteremka Kilindoni, akapanda boti hadi Nyamisati, akashika njia ya Dar es Salaam kwa ajili ya kikao cha AA cha saa moja. Mikutano ya kwenye simu ipo, ila aghalabu ni ya Kiingereza. Rai yangu basi ni kwamba mkutano uanzishwe palepale kijijini, kwani watu wawili wanatosha, na kukutana kila juma kwa siku na saa maalumu si jambo linalohitaji mwalimu kutoka nje, maadamu vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA hulifanya.

Lakini hadhari moja lazima isemwe wazi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, aweza ndani ya siku mbili tatu kushikwa na kifafa, akaona visivyokuwapo na kupayuka, hata akafa. Jamaa wasidhani amepandwa na pepo wakamkimbiza kwa mganga. Bora kabla ya kuacha aende zahanati au Hospitali ya Wilaya Kilindoni, aeleze bila kuficha kiasi anachokunywa, ili atibiwe huku akipunguza, ndipo aketi na wenziwe.

Nawaomba basi wazee wa Kanga, maimamu, na wahudumu wa afya, ambao huenda kila mmoja anamfahamu angalau mtu mmoja aliyeacha: mwendeeni mtu huyo faraghani mkamwombe ridhaa, ili siku mwingine atakapowabishia hodi usiku akitaka kuacha, msimwite mbele ya baraza wala msimtoze faini, bali mumfikishe kwa huyo aliyeacha usiku ule ule.