Nani Atasimama Nami?



Barua ya wiki hii imetoka Migwani, bara ya Kitui, na aliyeiandika ni mwana wa Mombasa aliyeolewa huko tangu usichana wake. Jina lake tunalihifadhi. Anaye kijana wa miaka 22 ambaye, kwa maelezo yake, tangu mwezi wa Rajabu halali usiku, huzungumza na watu wasioonekana, na siku aliyovunja mlango ami zake walimfunga kamba hata mikono ikachubuka. Mganga wa kwanza alitaka mbuzi. Wa pili alitaka fedha kwa simu, na alipozipokea akataka nyingine. Mama huyu haulizi hospitali iko wapi. Mathari anaijua, na amekwisha kufika. Anauliza hivi: akirudi nyumbani na dawa zake, nani atasimama naye? Kisha anaongeza, kwa haya, kwamba wanawake wa kanisa la jirani wamemkaribisha katika kikundi chao cha wenye wagonjwa wa namna hiyo, naye hajui kama yamfalia kuingia.

Swali lake limetangulia mbele ya maswali mengi tunayoyapokea. Desturi yetu ni kumpeleka mgonjwa mbali, wa Pwani kwenda Port Reitz na wa bara kwenda Mathari, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910, kisha kudhani kuwa wajibu umekwisha. Lakini wodini mgonjwa hukaa majuma machache tu. Miaka iliyobaki huikaa kwa mamake, na huko ndiko ugonjwa unakorudi pale dawa zinapokwisha, au zinapomtetemesha mikono na kumkaza shingo hata jamaa wakaamua kuziacha bila ya kumuuliza daktari, ilhali madhara hayo yana dawa yake. Mama aliye peke yake hayajui haya. Aliye na wenzake huambiwa siku ya kwanza.

Basi wenzake wako wapi? Nathubutu kusema kwamba wako karibu naye kuliko anavyodhani, ila wamejificha kama yeye alivyojificha. Migwani ina hospitali yake ya kaunti ndogo. Aanze hapo, amuulize muuguzi ni siku gani wagonjwa wa akili na wa kifafa huonwa, hapo au Mwingi au katika hospitali ya rufaa ya Kitui mjini, na siku hiyo aende mapema, akae kwenye benchi na wengine. Benchi hilo ndilo chama ambacho bado hakijapewa jina. Amtafute pia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, miongoni mwa wale takriban laki moja ambao serikali iliwatuma nchi nzima mwaka 2023. Mhudumu huyu huingia nyumba kwa nyumba, na huenda anajua ni zipi zenye chumba kinachofungwa kwa nje. Hatamtajia majina, wala asimtake ayataje. Lakini aweza kufikisha salamu kwa mama mwingine, na mama huyo akaja mwenyewe.

Kaunti jirani ya Makueni imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana mashambani. Katika muongo uliopita wakfu wa Africa Mental Health Foundation, ulioasisiwa mwaka 2004 na Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ulifanya kazi huko na watu ambao hospitali haikuzoea kukaa nao meza moja: waganga wa kienyeji, waombeaji wa makanisani, wahudumu wa kujitolea vijijini, pamoja na wauguzi na maafisa wa kliniki. Wote walifunzwa kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake, ili mganga aweze kuzitambua dalili na kumpeleka mgonjwa kwenye zahanati badala ya kumzuilia uani kwake. Hekima ya mpango huo ni kwamba haukuanza kwa kumtukana yeyote. Familia zilikuwa zikienda kwa waganga kwanza, na zingeendelea kwenda. Basi mlango huohuo ukafanywa kuwa njia ya kufikia tiba.

Nasi tuna la kujifunza hapo. Ruqya ya kisheria, kwa Qur'ani na dua, haina ugomvi na sindano ya kila mwezi. Mtume wetu (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, na karne ya tisa Miladia alizaliwa Abu Zayd al-Balkhi, aliyeandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi, akaeleza huzuni, hofu na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye tiba. Sheikhe anayemsomea mgonjwa kisha akamwambia aendelee na dawa za hospitali amefanya wema mara mbili. Anayemwambia azitupe, aepukwe, hata awe na kilemba kirefu namna gani.

Mbali ya jirani, wako watetezi wenye afisi na katiba. Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, kilichoanza mwaka 2007, ni chama cha watu ambao wenyewe wamepitia maradhi haya. Makao yake ni Nairobi, na kazi yake ni kuunda vikundi vya kutegemezana na kudai haki mbele ya serikali. BasicNeeds nayo iliingia Kenya mwaka 2005, na njia yake yanipendeza zaidi, kwa kuwa haikumtenga mgonjwa na riziki yake: tiba karibu na nyumbani, kikundi cha wagonjwa na walezi wao, na mtaji mdogo wa kuku, bustani au biashara. Watafiti waliwafuata watu 203 katika sehemu za Meru na Nyeri kwa miaka 2, wakaona afya na kipato vyote vikipanda. Kwa familia zenye kifafa, maradhi ambayo vijijini huchanganywa bado na wazimu au jini, kiko chama cha KAWE tangu mwaka 1982. Na pale ambapo bangi au mugoka umetangulia ugonjwa, Pwani tunao MEWA wa Mombasa na The Omari Project ya Malindi, iliyoanza mwaka 1995. Wote wamewapokea vijana ambao nyumba zao zilikuwa zimekata tamaa.

Huenda msomaji akauliza, watetezi hawa wametuletea nini? Nimpe mfano mmoja. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na kwa sababu hiyo akina mama wengi walificha, wakaogopa hata kumpeleka mtoto hospitali wasije wakaitiwa polisi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili wakaenda mahakamani, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akatamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Dini yetu inaharamisha kujiua, na hilo halibadiliki. Ila mgonjwa aliyefika ukingoni anahitaji kushikwa mkono, si kutiwa pingu. Na aliyepoteza akili, kalamu imeinuliwa juu yake, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.).

Iko pia sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022, baada ya kamati ya Daktari Frank Njenga kuzunguka nchini na kusikiliza watu. Sheria hiyo imeziwajibisha kaunti kutoa huduma hizi, ikamkinga mgonjwa dhidi ya ukatili na kudhulumiwa, na ikampa nafasi ya kuwa na msaidizi wa kuusimamia utashi wake. Kijana wa dada yetu ni mgonjwa mwenye haki. Kamba si tiba, na ami zake waelezwe hivyo kwa upole, maana nao walitenda kwa hofu. Vilevile, ulemavu wa akili unaodumu huandikishwa katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya mgonjwa kupimwa na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Aliye na ulemavu mkali, asiyeweza kuachwa bila ya mlezi, aweza kuombewa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, nakiri. Lakini ni nauli ya kliniki, na mara nyingi nauli ndiyo inayokata dawa.

Tahadhari moja kuhusu mashirika, kwani si kila lenye nembo ni rafiki. Likikutaka fedha kabla ya lolote kwa ahadi ya kuponya, ondoka. Likitaka picha ya mwanao akiwa amefungwa ili liionyeshe kwa wafadhili, kataa, hata wakikupa unga. Na angalia mkutanoni: je, mgonjwa mwenyewe huachiwa kusema, au husemewa tu huku akitazama chini?

Nije kwa wanawake wa kanisa. Dada, ingia. Kabla ya utume wake, Mtume wetu alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'an, ambapo watu wa Makka waliahidiana kumsimamia kila aliyedhulumiwa. Na baada ya Uislamu alisema kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Wale hawakuwa Waislamu. Kikundi kinapofungua kwa maombi yao, kaa kwa adabu na usome yako moyoni. Wakija kwenye mambo ya dawa, zamu za kulinda na akiba ya nauli, hapo mko safu moja. Waeleze mapema juu ya swala yako na chakula chako, nao watakuelewa. Wakamba na watu wa Pwani wameendeana tangu zama za misafara, na leo barabara ya Kibwezi hadi Kitui imewakaribisha zaidi.

Na mkishakuwa 10, nendeni kwenye afisi ya maendeleo ya jamii mkaandikishe kikundi, maana idadi hiyo ndiyo inayotakiwa na sheria ya mwaka 2022. Faida yake itaonekana kabla ya mwezi Juni, kaunti inapowaita wananchi watoe maoni juu ya bajeti. Mama mmoja akisimama kusema kwamba dawa za akili hazimo zahanatini, huambiwa atasaidiwa. Wakisimama 10 wenye barua yenye muhuri, wakataja dawa kwa majina na miezi iliyokosekana, mwakilishi wa wadi hulazimika kuandika. Wekeni daftari tangu sasa: tarehe mliyokwenda, dawa iliyokosekana, aliyewajibu.

Kwa saa za usiku, ambazo kikundi hakipo wala zahanati haijafunguliwa, simu ya 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bure na humfikia mtu wa kukusikiliza. Ya watoto ni 116, na ya mambo ya dawa za kulevya ni 1192, nazo ni bure.

Wasomaji mlio Mwingi, Kitui mjini, Wote na Makindu, ikiwa mnacho kikundi cha familia kinachokutana, au mnamjua imamu anayewapeleka wagonjwa hospitali baada ya kuwasomea, tuandikieni siku na mahali mnapokutana. Barua zitakazofika kabla ya Alhamisi tutazipeleka Migwani wiki hii hii, inshaallah.