Ziwani usiku, nani askari na nani mwizi?

Mvuvi wa Mulongwe au wa Kilomoni anayetoka na taa zake usiku usio na mwezi anaogopa vitu viwili: upepo, na motere asiyoijua. Upepo anaweza kuukadiria tangu jioni. Motere ikikaribia gizani bila taa, na mtu akapaza sauti kwamba ni jeshi la majini, watu wasimame, mvuvi hana njia ya kuhakikisha. Akisimama, kumbe ni majambazi, anapoteza motere, nyavu, betri na pengine uhai. Akikimbia, kumbe ni askari kweli, tayari amejifanya mshukiwa, na risasi inaweza kumfuata.

Mazungumzo mengi kuhusu maharamia wa Tanganyika, kuanzia Uvira kupitia Makobola na Mboko hadi Baraka, huishia kwenye ombi moja: serikali ilipe jeshi la majini boti za kasi na silaha zaidi. Boti zinahitajika, hakuna anayebisha. Lakini boti ya kasi isiyotambulika usiku inaongeza tu idadi ya motere za kuogopwa. Kabla ya silaha, ziwa linahitaji kanuni za mapigano zinazojulikana na kila mtu anayekaa juu ya maji.

Vijana wanaocheza kwenye intaneti michezo ya meli za vita na maharamia wanalielewa jambo hili kuliko wakubwa wanavyodhani. Hubishana saa nzima juu ya mapigano ya haki: meli ionyeshe bendera yake wakati gani, nani aruhusiwe kumshambulia nani, aliyesalimu amri atendewe nini, mfanyabiashara asiye na mzinga aachwe apite au la. Bila kanuni hizo mchezo unakufa, maana hakuna atakayekubali tena kuwa mfanyabiashara. Na huko aliyezamishwa anarudi mchezoni baada ya dakika chache. Kwenye maji ya Uvira harudi.

Kanuni yenyewe si ngeni duniani. Desturi ya kale ya vita vya bahari inairuhusu meli ya kivita kumdanganya adui kwa bendera isiyo yake, ila kabla ya kufyatua risasi ya kwanza lazima ipandishe bendera yake ya kweli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 107, unasema kwamba chombo cha maharamia kinaweza kukamatwa tu na meli au ndege za kijeshi, au vyombo vingine vyenye alama wazi za kazi ya serikali na vilivyopewa mamlaka hayo. Yaani hata mbele ya haramia mwenyewe, serikali inatakiwa ijitambulishe.

Ziwa hili lenyewe liliwahi kuona kwa nini alama ina uzito. Tarehe 26 Desemba 1915, karibu na Lukuga, Kalemie ya leo, Waingereza waliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Wakaitengeneza, wakaiita Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann, meli ya wenyeji wake wa jana. Chombo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni bendera. Leo motere iliyoibwa kwa mvuvi jana inaweza kuwa ndiyo inayomkimbiza mwenzake kesho.

Mwanasheria atasema, na atakuwa sahihi, kwamba Tanganyika si bahari kuu. Maji yake yamegawanywa kati ya Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, na kwa sheria anayeiba hapo kwa bunduki ni jambazi wa kawaida, hata kama watu wote wanamwita haramia. Lakini hoja hiyo inambana askari zaidi, haimlegezi. Kumkamata jambazi ni kazi ya ulinzi wa raia, na kanuni za msingi za Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinamtaka mwenye bunduki ajitambulishe na atoe onyo lililo wazi kwanza. Kufyatua kunabaki kwa ajili ya kuzuia kifo au majeraha makubwa. Mtu anayekimbia tu na mtumbwi wake haingii humo.

Afrika ina kesi yake ya kukumbuka. Oktoba 1997, boti za doria za Guinea ziliifyatulia risasi Saiga, meli iliyokuwa ikiuzia mafuta vyombo vya uvuvi, na watu wawili waliokuwa ndani wakajeruhiwa vibaya. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari mjini Hamburg iliamua tarehe 1 Julai 1999 kwamba Guinea ilitumia nguvu kupita kiasi, ikaiamuru ilipe zaidi ya dola milioni mbili. Majaji walieleza utaratibu ambao mabaharia wameuzoea: kwanza ishara ya sauti au ya macho ya kusimamisha chombo, kisha risasi mbele ya pua ya chombo, na nguvu yenyewe iwe ya mwisho kabisa, tena baada ya onyo.

Askari wa Kalundu naye ana hofu ya kweli, na si haki kuidharau. Septemba 2017, wapiganaji wa William Amuri Yakutumba walipoushambulia mji wa Uvira, baadhi yao walikuja kwa njia ya ziwa, na MONUSCO ikabidi iingilie kati. Aliyeona hayo hawezi kuutazama kila mtumbwi usiku kama mtumbwi wa ndakala. Atauliza: haramia amesoma kanuni gani?

Hajasoma hata moja. Kanuni haiandikwi kwa ajili yake. Inaandikwa kwa ajili ya wale wengine wote walioko juu ya maji usiku huo huo. Na inamnyang'anya haramia silaha yake iliyo rahisi kuliko bunduki, yaani sauti ya kujifanya serikali. Siku wavuvi watakapojua kwamba boti ya jeshi daima ina namba kubwa ubavuni, taa ya rangi yake pekee na kipaza sauti, kila boti isiyo na hivyo itajulikana kuwa ya mwizi kabla haijafika. Askari hatafyatua kwa kubahatisha, kwa sababu mvuvi hatakuwa na sababu ya kumkimbia.

Wavuvi nao wana deni lao. Mtumbwi usio na namba, usioandikwa kwenye kamati ya ufukweni, unamficha jambazi. Anayetaka askari ajionyeshe, naye aonekane.

Liko jambo moja ambalo wakubwa wa jeshi hawapendi kulisikia: pesa zisilipwe juu ya maji. Kodi, ruhusa, faini, vyote vilipwe ufukweni kwa risiti. Maana boti ya serikali inayopokea samaki au franka katikati ya ziwa inamfundisha mvuvi kwamba tofauti ya askari na mwizi ni kiasi tu wanachodai. Na aliyekamatwa apelekwe mbele ya sheria, si kuachiliwa baada ya mapatano. Katiba, kifungu cha 18, inatoa saa 48 tu za kumshikilia. Motere iliyopatikana naye iandikwe na irudishwe kwa mwenyewe.

Kuandika namba kwenye boti za doria hakusubiri bajeti ya Kinshasa. Kunahitaji ndoo ya rangi nyeupe, brashi, na amri ya komanda mmoja, kabla mwezi haujafifia na taa za wavuvi kurudi ziwani.