Nyama robo na nukta ubaoni

NJIA YA UJIJI
Na Hadija Maganga

Mwandikie mtoto wa darasa la tano 0.4 na 0.35, kisha mwulize ipi kubwa. Wengi watakuchagulia 0.35, tena bila kusita, kwa kuwa thelathini na tano inaizidi nne. Kosa hili halina uraia. Walimu wa hisabati wa nchi nyingi wanalijua na wameliandikia sana. Sasa mchukue mtoto huyohuyo umpeleke bucha yoyote ya Isevya au Ng'ambo hapa Tabora, umwulize kati ya nyama robo na nyama nusu ipi itatosha watu wengi. Atadhani unamtania.

Robo ni 0.25. Nusu ni 0.5. Yenye tarakimu nyingi ndiyo ndogo, na mtoto anajua hivyo tangu alipoanza kutumwa dukani. Anachoshindwa ni kuutambua ujuzi wake mwenyewe ukiandikwa chaki. Ndiyo maana nasema somo la desimali tunalianzia pabaya. Tunaanza na 0.1, 0.2, 0.3, kwa mpangilio mzuri, mpaka mtoto azoee kwamba kinachofuata nukta ni namba ileile ya siku zote. Sehemu za mia zikija baadaye, anazisoma "nukta thelathini na tano" na mambo yameshaharibika. Ningekuwa na madaraka (sina, nina safu tu) siku ya kwanza ya somo ningeandika ubaoni 0.25 na 0.5, niseme hizi ni robo na nusu mnazozijua, kisha niwaache watoto wabishane kwa nini ndefu imeshindwa na fupi.

Mizani za siku hizi zimeturahisishia kazi. Ile ya umeme pale buchani inasoma robo kuwa 0.250, nusu 0.500, robo tatu 0.750. Mwuzaji akiongeza kipande cha mfupa, inaruka kwenda 0.268. Hapo mwalimu ana somo zima la thamani ya nafasi juu ya kioo kimoja: tarakimu ya kwanza baada ya nukta inahesabu gramu mia mia, ya pili gramu kumi kumi, ya tatu gramu moja moja. Ile 2 ni gramu mia mbili, 6 ni gramu sitini, 8 ni gramu nane tu. Nane ni kubwa kuliko mbili popote pengine, lakini pale ilipokaa haiifikii hata kidogo. Na ile sifuri ya mwisho kwenye 0.250 ukiifuta, nyama haipungui.

Waliosoma zamani walisaidiwa na senti. Sarafu zetu za mwaka 1966 zilikuwa na senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni na senti 50 yenye sungura, kwa hiyo Sh 2.50 kilikuwa kitu cha kushika mkononi na kukipoteza njiani ukachapwa. Leo senti imebaki kwenye risiti. Bei imeandikwa 5,000.00, luku 10,000.00, ada vilevile. Mtoto anaona sifuri hizo mbili kila siku na hakuna anayezilipa. Kitu gani kingine tulitegemea ajifunze, ila kwamba baada ya nukta hakuna kitu?

Mji huu una historia ndefu na mambo haya ya robo na nukta kuliko tunavyokumbuka. Njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia hapa Unyanyembe hadi Ujiji, iliendeshwa kwa nusu na robo. Vibaba vinne ni pishi. Shuka mbili ni doti. Rupia ya Wajerumani ilipoingia mwaka 1890 ilikuwa na pesa 64, na 64 ni namba tamu kwa mtu wa sokoni: unaikata nusu mara sita, 32, 16, 8, 4, 2, 1, bila kubakiza kitu. Mwaka 1904 serikali ikabadilisha, rupia ikawa hela 100. Mia unaikata mara mbili tu, 50, 25, kisha nusu ya robo inakuwa hela kumi na mbili na nusu. Kwa bahati sarafu ya nusu hela ilikuwepo, ambayo kwa lugha ya darasani ni rupia 0.005. Koloni zima likaingizwa darasa la desimali siku moja, wapagazi na wauza mtama kwa pamoja, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari.

Miaka kumi na miwili baadaye sarafu hizo zikatengenezwa hapahapa. Mwaka 1916, vita ikiwa imefunga njia ya baharini na sarafu zimeadimika, karakana ya reli ya Lulanguru, nje kidogo ya mji, ilipiga hela 5 na hela 20 za shaba, zenye herufi T ya Tabora. Ikapiga pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Wakusanyaji wa sarafu wanaililia ile ya tembo. Mimi ningempa mwalimu zile za shaba. Weka 5 na 20 mezani, uliza kila moja ni rupia ngapi. Ni 0.05 na 0.20, na hiyo 0.20 ni 0.2. Sifuri ya kwenye tano ikidondoka, hela tano zinageuka hamsini. Ya nyuma ya ishirini ikidondoka, hakuna hasara. (Kwa nini dhahabu ikawa rupia 15 na siyo 10 au 20? Kwa sababu rupia 15 zilifungwa kuwa sawa na mark 20, maana yake rupia moja ni mark 1.333, na hizo tatu hazina mwisho. Hilo libaki la sekondari.)

Najua nitakachojibiwa: darasa lina watoto wengi, mizani ya umeme hakuna, sarafu za 1916 ziko makumbusho. Sawa. Basi tuchukue shanga. Msafiri Mwingereza Burton alipofika Kazeh, ambayo ni Tabora hii hii, mwishoni mwa mwaka 1857, aliorodhesha vipimo vya njiani, na shanga zilipimwa kwa khete, uzi mmoja wa shanga. Khete kumi zikifungwa pamoja ziliitwa fundo. Kati ya nusu na robo zote zile, hiki kilikuwa kipimo cha kumi, na mpagazi asiyejua kusoma alikihesabu barabarani bila shida. Khete tatu ni fundo 0.3. Fundo mbili na khete saba ni 2.7.

Shanga za plastiki na uzi haviishindi shule yoyote. Kila khete iwe na shanga kumi kamili, jambo ambalo wa zamani hawakulijali kwa kuwa wao walipima urefu. Hapo shanga moja inakuwa 0.01 ya fundo, na ule ubishi wa 0.4 na 0.35 unaisha mezani: huku khete nne, huku khete tatu na shanga tano. Watoto wanaofunga vijiti kumi kumi darasa la kwanza ili wapate makumi wanafanya kitendo kilekile, ila hatuwaambii kwamba safari inaendelea pia upande wa pili wa mamoja. Tunawaambia makumi, mamia, maelfu, kama vile namba hukua tu na hazijui kupungua.

Nasisitiza haya kwa sababu ya tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, nyumba nyingi zinaishi kwa zao ambalo bei yake hupangwa kwa dola kwa kilo, daraja kwa daraja, na dola bado ina senti zilizo hai. Chukua mfano: daraja moja dola 1.5, lingine dola 1.05. Kwa mtu anayedharau sifuri, hizo ni bei zinazofanana. Kwa kilo 1,000 ni tofauti ya dola 450. Kwenye mizani nako, robota la kilo 50.5 na la kilo 50.05 yamepishana karibu nusu kilo. Fedha hizo ni za daftari, sare na bati la nyumba, na kwenye familia nyingi anayeweza kuzikagua siku ya soko ni mtoto wa shule aliyekwenda na wazazi wake. Kabla ya masoko yajayo kufunguliwa, walimu wa wilaya hizo wangeomba karatasi za mauzo za msimu uliopita kwenye chama cha msingi, wafunike majina ya wakulima, na wazigawe darasani badala ya zoezi namba nne.